Joto la Dada na Joto la Dobi

Pwaa.

Hivyo ndivyo lilivyolia shuka bichi dada yake alipolikung'uta mlangoni, saa sita za mchana, wakati yeye ana miaka sita na mama yao ana mwaka kaburini. Dada alikuwa na miaka kumi na mitano. Alilikamua kwa mikono miwili, akalikung'uta mara moja tu, pwaa, akalitundika kwenye misumari miwili juu ya mlango, kisha akafunga madirisha yote. Nje jua lilikuwa linapasua mawe. Ndani, upepo mkavu ulipopenya lile shuka ulifika sakafuni umeshapoa, ukampapasa mgongo mtoto aliyelala kifudifudi. Mtoto akalala. Leo ana miaka sitini na miwili, na hajapata tena usingizi mtamu kama ule.

Siku hizi watu humwita Dobi, na wengi hawajui kama ana jina jingine. Aliuacha mji ule mkavu wa bara akiwa na miaka ishirini, akashuka hadi mji huu wa chini, ambao una maji mbele, maji nyuma, na maji hewani. Akajifunza kazi kwa mzee mmoja, na mzee alipofariki akarithi meza yake. Nyumba yake ni vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kina meza ya pasi, rafu za nguo zilizokunjwa na pasi mbili: ya umeme, na ya mkaa kwa siku ambazo umeme umekatika, ambazo si chache. Chumba cha nyuma ni cha kulala. Uani kuna kamba nane, na ukuta ambao ukungu wa kijani umeupanda hadi kiunoni.

Shati likiwekwa mezani kwake, kabla mwenyewe hajafungua mdomo, Dobi anajua limetoka wapi. Shati la mtu aliyeshuka kutoka bara lina mistari myeupe ya chumvi mgongoni, mstari juu ya mstari, maana kule jasho hukauka kabla halijaanguka. Halinuki. Lina vumbi kwenye mshono wa kola, basi. Shati la mtu wa mji huu halina chumvi wala vumbi. Lina harufu ya jasho lililokosa pa kwenda, na likisahauliwa kapuni siku mbili linaota vidoa vyeusi visivyotoka hata kwa maji ya moto na ndimu. Haya ameyashika kwa vidole vyake kwa zaidi ya miaka arobaini. Kwa hiyo katika yaliyotokea, ujinga si kisingizio chake. Alijua.

Tangu simu zilipoingia mifukoni mwa watu, ndugu hawa wawili walikuwa na mchezo wao. Kila jioni, baada ya taarifa ya habari, walilinganisha joto. Dada alianza kwa kuuliza leo huko chini wamepewa nyuzi ngapi. Dobi alijibu, thelathini na tatu. Dada alivuta pumzi akasema wao ni arobaini na mbili, na hapo Dobi alicheka kicheko cha mshindi, utadhani zile nyuzi tisa za katikati alizipunguza yeye kwa mkono wake.

"Hamia huku," alikuwa akimwambia. "Huko mnakaangwa."

"Na nyinyi mnachemshwa. Anayekaangwa angalau anakauka."

Ulikuwa utani, na utani wa miaka mingi hauna mwiba. Mwiba uliota baada ya mke wa Dobi kufariki. Simu za jioni zikarefuka. Alipomaliza nyuzi, Dobi alihamia kwenye miti ya barabarani, maana mji wa dada hauna kivuli ila cha ukuta. Akatoka kwenye miti akaja kwenye maji, kwamba huku bomba halikauki, na kule watu hupanga ndoo tangu alfajiri. Akataja zahanati iliyo hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Yote yalikuwa kweli. Lakini aliyapanga kama mtu mwenye kitu cha kuuza.

Msimu wa joto wa mwaka uliopita, huko bara nyuzi zilifika arobaini na nne kwa siku sita mfululizo, na mzee mmoja wa mtaani kwa dada akalala asiamke. Dobi aliidaka habari ile kwa mikono miwili. Akampigia mpwa wake, mtoto pekee wa dada, fundi wa pampu za visima, akamwuliza kama anasubiri mama yake naye abebwe. Mpwa alijibu kwa adabu. Alisema mama amezoea, kwamba kuta za nyumba yao ni nene na jua likizama kunapoa hadi watu hujifunika, kwamba mtu akipata usingizi wake usiku huvumilia mchana wowote. "Mjomba, namba ni namba tu," alisema.

Dobi akamwambia namba hazidanganyi, na kwamba yeye alikuwa na dada kabla mpwa hajawa na mama. Neno kama hilo mtoto mwenye heshima halijibu. Miezi michache baadaye dada akashuka kwenye basi na begi moja, kigoda chake cha kukalia, na mguu wa kushoto unaouma.

Ilikuwa miezi ya baridi, kama mji huu una haki ya kutumia neno hilo. Mambo yalikwenda vizuri. Dada alijipatia kazi ya kuoanisha soksi za wateja, akiziita wanandoa, na soksi isiyo na mwenzake aliiweka kando akaiita mjane. Jirani yao, mama mmoja fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Sindano kwa sababu ya ulimi wake, akapata mtu wa kutaniana naye. Dada alipolalamika mara ya kwanza kwamba jasho lake halikauki, Sindano alimwambia, "Mama, huku jasho halikauki. Linahama tu mahali."

Kisha msimu ukageuka.

Joto la mji huu halina makelele. Joto la bara hukupiga mlangoni kama mtu mwenye hasira; unaliona, unalikwepa, unaingia kivulini nalo linabaki nje likikutukana. La huku halikupigi. Linakukalia. Kivulini lipo, chini ya feni lipo, ndani ya mto wa kulalia lipo. Usiku wake ni mchana uliozimwa taa. Dada alianza kuota harara shingoni na mgongoni, akajipaka poda hadi akafanana na mtu aliyemwagikiwa unga. Vifundo vya miguu vikavimba. Usingizi ukamhama, akawa anakaa kitandani hadi alfajiri akijipepea kwa kifuniko cha boksi. Chakula akakigusa tu. Sindano alimpunguzia gauni mara mbili ndani ya wiki sita, na mara ya pili hakutania.

Dobi alisema atazoea. Redio ilipotaja thelathini na tatu, aliinua kidole kama mtu aliyeleta shahidi. Jioni moja dada alimwuliza bila ukali, "Mdogo wangu, hiyo namba yako inalala wapi? Maana humu ndani haijalala hata siku moja."

Dobi alicheka, kwa kuwa ilikuwa lazima mtu acheke. Lakini kamba zake uani zilikuwa zinamwambia hilohilo. Mashati aliyoanika Jumatatu, Jumatano yalikuwa bado yana ubaridi wa maji kwenye mikunjo. Ilimbidi ayamalizie kwa pasi, mvuke ukimpanda usoni, akijifuta kwa mkono wa kushoto na kusukuma kwa wa kulia. Hewa isiyoweza kukausha shati ingewezaje kukausha mgongo wa mwanamke mzee? Swali lilikuwa pale kila siku, limening'inia kwa vibanio viwili. Alilianua akalikunja akaliweka rafuni.

Mpwa alipiga simu kila Ijumaa kumwulizia mama yake. Dobi alijibu, salama tu. Dada naye, akipewa simu, alisema anaendelea vizuri, maana hakutaka kumwaibisha mwenyeji wake. Siku moja, akiwa na soksi mapajani, aliuliza kama haingekuwa vyema arudi nyumbani kwanza hadi msimu upite. Dobi akasema mwezi uishe. Mwezi ukaisha, akasema mabasi yamejaa. Mara ya tatu akasema mguu wake hautahimili safari. Visingizio vyake vilikuwa vimepigwa pasi vizuri, huoni hata kunjo moja.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Umeme ulikatika asubuhi na feni ikasimama. Dobi alikuwa na mafurushi mawili ya mashuka ya nyumba ya wageni iliyo upande wa pili wa mji, na aliahidi kuyafikisha mwenyewe. Saa nne aliondoka. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kichwa kimeegemea ukuta. Dobi alimwambia alale kidogo. Dada akaitikia kwa mkono.

Alichofanya dada baada ya hapo ni kile alichokuwa akikifanya kule bara kila siku ya joto kwa zaidi ya nusu karne. Aliinuka, akafunga madirisha mawili ya mbele na la nyuma. Akafunga mlango wa uani. Akatoa mashuka manne ya nyumbani, akayalowesha kwenye beseni, akayatundika: mawili madirishani, moja mlangoni, moja katikati ya chumba kwenye kamba ya kuanikia siku za mvua. Beseni la maji akaliacha sakafuni. Kule kwao hiyo ni akili. Mtoto wa miaka kumi asiyejua kufanya hivyo huulizwa amelelewa na nani. Hewa ya kule ina kiu, ikikutana na shuka bichi inakunywa, na ikinywa inapoa. Hewa ya huku imeshiba tangu alfajiri, hainywi hata tone. Maji ya mashuka yale yalipanda, yakakosa njia ya kutoka, yakabaki mle chumbani pamoja naye.

Dobi alirudi saa tisa, shati limemgandia mwilini. Kwanza alishangaa madirisha yamefungwa. Aliposukuma mlango, mvuke ulimpiga usoni kama wa sufuria iliyofunuliwa. Akaona mashuka. Kwa nusu ya pumzi alikuwa na miaka sita, na moyo wake, bila kumwuliza, ukafurahi. Kisha akamwona dada yuko sakafuni chini ya shuka la katikati, gauni limelowa chapachapa, macho wazi lakini mwenyewe hayumo. Dada alimtazama akamwuliza, kwa sauti ya msichana, kama amenawa miguu.

Alimwita Sindano kwa sauti ambayo Sindano anasema hakujua kama Dobi anayo. Wawili wakamtoa hadi kivulini uani, wakammwagia maji, Sindano akampepea kwa ubao wake wa kukatia vitambaa. Jirani mwenye gari akawafikisha zahanati, zile hatua mia mbili ambazo Dobi alikuwa akizisifu kwenye simu. Muuguzi akamwekea mgonjwa dripu na vitambaa vya maji baridi kwapani na shingoni, kisha akauliza ni nani aliyefunga madirisha na kuanika nguo ndani siku kama hii.

"Mwenyewe, mama wa watu," Sindano alisema, na hakusema kwa ubaya. "Hajui ya huku."

Muuguzi akatikisa kichwa. Dobi alikuwa amesimama palepale, ameshika kiatu kimoja cha dada. Neno likapita mbele yake, akaliacha lipite.

Na kwa kuwa aliliacha, likakaa. Kesho yake dada alipata fahamu zake zote, na kila aliyekuja kumpa pole alikuja na habari ileile imekwisha kunjwa: bibi alikosea, alifunga madirisha. Dada mwenyewe akaipokea. Aliwaomba radhi muuguzi, Sindano, hata jirani kwa kumloweshea kiti cha gari. Alieleza kwa unyonge kwamba alimwona mdogo wake anatoka na mzigo juani, akataka akirudi akute ubaridi.

Jioni ya Ijumaa simu ya mpwa ikaita kama kawaida. Mara hii haikuwezekana kusema salama. Dobi akasema mama amepata matatizo kidogo, yuko zahanati, hajambo sasa. Alifunga madirisha akatundika mashuka mabichi.

Mpwa akauliza polepole, kama mtu anayetafuta pampu imevuja wapi, "Mjomba, si na wewe ulilelewa chini ya mashuka hayohayo?"

Dobi alisema mtandao ni mbaya, hasikii vizuri. Akakata.

Usiku ule hakulala, na safari hii halikuwa joto peke yake. Jumamosi asubuhi alirudi nyumbani kumchukulia dada gauni jingine. Uani yalikuwepo mashati ya Jumatatu, aliyoyasahau kwa hekaheka. Alishika kola ya moja akaibana katikati ya vidole. Bado mbichi. Siku tano. Akasimama pale kamba zikimzunguka kichwani, amechoka uchovu wa mtu aliyeshikilia mlango kwa mgongo muda mrefu. Akakaa kwenye kigoda cha dada. Akatoa simu.

Alimwambia mpwa wake yote. Alieleza harara, vifundo, na gauni lililopunguzwa mara mbili. Alisema mama aliomba kurudi mara tatu, na kila Ijumaa yeye alijibu salama. Alisema mji wake huu kwa namba ni mpole kuliko ule, lakini kwa kuishi, kwa mtu mzee wa kule, haukaliki. Alisubiri atukanwe, angeshukuru kutukanwa. Mpwa hakumtukana. Alisema ataomba gari la kazini, Jumanne atakuwa amefika. Kisha akamwuliza mjomba wake kama yeye mwenyewe amekula. Hilo lilimwuma zaidi.

Jumapili mchana dada aliruhusiwa. Walikaa chumba cha mbele, madirisha wazi, mlango wazi, hata upepo ukitaka kuingia na mizigo yake ungepita. Haukutaka. Dobi alikuwa mezani, maana kazi za wiki zilikuwa zimemfika shingoni. Dada alikaa kwenye kigoda chake, amepungua kiasi kwamba mabega yake yalionekana kama yameazimwa kwa mtoto. Alikuwa amejaribu kuoanisha soksi akaziacha.

Alianza yeye. Alisema uzee umemfanyia mchezo, kufunga nyumba kwenye mji wa maji, hata kuku hafanyi. Sasa amejifunza. Hatarudia tena. Alisema Dobi asiwe na wasiwasi, hawezi kumwacha peke yake na furushi lote hili la soksi, atakaa, msimu utapita, na ujao ukifika atakuwa ameshauzoea. Alisema hivyo akitabasamu, na aliposema neno kukaa alishika ukuta kwa kiganja ili apate kupumua.

Ingetosha Dobi kunyamaza. Alikuwa na ujuzi huo. Alisimamisha pasi wima.

Akamwambia Jumanne mwanawe anakuja na gari, na kwamba nyuma pana nafasi ya kujinyoosha na huo mguu. Akamwambia kosa la mashuka si lake. Yeye Dobi ameishi na hewa hii zaidi ya miaka arobaini, anajua inachofanya na nguo mbichi kuliko mtu yeyote mtaani, na angemwambia siku ya kwanza, kwa neno moja tu, huku hatufungi. Hakumwambia, kwa sababu angemwambia hilo ingembidi amwambie na mengine: kwamba thelathini na tatu ya huku inaweza kummaliza mtu ambaye arobaini na mbili ya kule imemlea. Kila jioni alipocheka kwenye simu alikuwa anajua.

Dada alisikiliza huku akisugua mguu wake. Hakukasirika. Labda hakuwa na nguvu za kukasirika. Alimtazama mdogo wake mwenye mvi, akatazama rafu, akatazama mlango wa uani na kamba zake zilizojaa.

"Kumbe ulijua," alisema. "Sasa mbona ulinivuta huku?"

Dobi alinyoosha mkono wa shati lililokuwa mezani, akaufuta kwa kiganja hadi ukalala bapa, ingawa ulikuwa umeshapigwa pasi. Akaufuta tena. Jasho lilimdondoka puani likatua kwenye kitambaa, hakulifuta. Alipojibu, alijibu kwa sauti ndogo sana, hivi kwamba dada ilimbidi ageuze sikio lake zima ndipo asikie.

"Nilichoka kula peke yangu."